Kabla hamjamuuza beki wetu wa kulia: barua ya wazi kwa uongozi na benchi la ufundi

Kwa Mwenyekiti, wajumbe wa kamati kuu, kocha mkuu na benchi zima la ufundi,

Salamu nyingi. Habari iliyozagaa Nairobi nzima ni kwamba dirisha la usajili likifunguliwa mtamtoa beki wetu wa kulia na kumtafuta mwingine, kwa hoja kwamba huyu hashambulii tena. Hoja hiyo si ya uongo. Msimu uliopita alikuwa akifika hadi karibu na mstari wa goli na kurudisha mpira katikati. Msimu huu krosi zake zinatoka mbali, nyingi zinaishia kichwani mwa beki wa kwanza, na pasi za mabao zimekauka. Sisi tunaoandika ni wanachama wa klabu, baadhi yetu makocha wa timu za vijana huku Eastlands, na mechi za nyumbani tunazirekodi na kuzirudia kuzitazama. Tunaloleta ni moja: waliobadilika zaidi ni watu wanaomzunguka. Mkileta beki mwingine mkamweka pale pale alipo huyu, mtapata krosi zile zile kwa bei ya juu zaidi.

Tuanze na vipimo, maana vipimo havina ushabiki. Boksi la penalti lina upana wa mita 40.32 katika kila uwanja wa mechi za wakubwa. Uwanja ukiwa na upana wa mita 68, kati ya boksi na mstari wa pembeni zinabaki mita 13.84 kila upande. Ukiwa wa mita 64, ambao bado uko ndani ya sheria, zinabaki mita 11.84. Huo ndio ujia wa beki wa pembeni anayepanda. Sasa hivi ndani ya ujia huo tunamweka yeye, tunamweka winga wetu, halafu wapinzani wanamleta beki wao wa kushoto na winga wao anayeshuka kusaidia. Watu wanne wanasongamana mahali ambapo mmoja anayekimbia angekuwa hatari na wawili ni msongamano wa matatu kwenye stendi.

Msimu uliopita haikuwa hivyo. Winga wa kulia tuliyekuwa naye alitumia mguu wa kushoto. Kila alipopokea mpira alikata kuingia ndani, na beki wa wapinzani alilazimika kumfuata kwa sababu akimwachia nafasi angepiga shuti. Ujia ukabaki wazi na beki wetu akautumia. Winga huyo ameondoka. Aliyechukua nafasi yake anatumia mguu wa kulia, ana kasi, anajua kupiga chenga, na anapenda kupokea mpira akiwa amekanyaga chaki, yaani mstari wa pembeni. Hatuna ugomvi naye hata kidogo. Lakini beki anapotoka nyuma kutaka kumzunguka kwa nje, hakuna nje ya kuzungukia. Anasimama mita tano nyuma ya winga, anarudishiwa mpira, anainua macho na kuwakuta mabeki wote wamejipanga wanamtazama. Hapo hata aliye bora kuliko yeye angepiga krosi ya kubahatisha.

Goli la nne la Brazil dhidi ya Italia katika fainali ya Kombe la Dunia, Juni 21, 1970, uwanjani Azteca, bado linafaa kufundishia jambo hili. Watu humkumbuka Carlos Alberto, beki wa kulia, akitokea nyuma na kuupiga mpira bila kuutuliza dakika ya 86. Tazameni tena yaliyotangulia. Jairzinho, winga wa kulia, alikuwa amehamia kushoto, na Giacinto Facchetti, beki wa kushoto wa Italia, alikuwa amemfuata hadi huko. Upande mzima wa kulia ukabaki mtupu. Jairzinho akampa Pelé, Pelé akatulia na mpira, kisha akausukuma taratibu kulia kwenye ile nafasi. Carlos Alberto hakuhitaji kumpiga chenga mtu yeyote. Na Facchetti huyo ni miongoni mwa mabeki wa pembeni waliosifika sana kwa kushambulia katika zama zake, kwa hiyo mchezo wa kupanda aliujua vizuri. Alivutwa tu.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi, msimu wa 2018/19 Trent Alexander-Arnold alitoa pasi 12 za mabao na Andy Robertson 11 kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, wote mabeki wa pembeni wa Liverpool. Mbele yao Salah na Mané walikuwa wakiingia ndani, Firmino akishuka na kuwavuruga mabeki wa kati, na nyuma yao viungo wa kazi wakiziba mapengo. Waliomwona Godfrey Walusimbi akipanda upande wa kushoto enzi zake Gor Mahia hawahitaji kuambiwa kwamba beki wa pembeni anaweza kuwa mshambuliaji. Tunaloomba mlitazame ni nani alimfungulia njia.

Sababu ya pili inaonekana tu ukiwa juu jukwaani, maana kamera huwa inafuata mpira. Msimu uliopita kiungo mkabaji aliteleza kulia kila beki alipopanda. Msimu huu tunacheza na viungo wawili wanaopanda wote, na beki wa kushoto naye anapanda wakati huo huo. Mpira ukipotea, mabeki wawili wa kati wanabaki kulinda upana wa mita 68 peke yao, yaani mita 34 kwa kila mmoja. Tulipoanza kufungwa kwa mashambulizi ya kushtukiza kupitia upande huo, beki wa kulia akaanza kuishia mstari wa katikati. Tunaona jinsi anavyotazama benchi kabla ya kukimbia, na tunaamini ameagizwa. Agizo hilo lina mantiki. Lakini hamwezi kumwagiza abaki nyuma, kisha mwisho wa mwezi mkamhesabia krosi.

Kanuni ya kawaida ni kwamba wapinzani wakiacha mtu mmoja mbele, sisi tunabakisha wawili. Wakiacha wawili, tunabakisha watatu, na kiungo mmoja mbele yao wa kuokota mipira inayodondoka. Maana yake beki wa kulia akipanda, yule wa kushoto aingie ndani asimame sambamba na mabeki wa kati. Hawa wawili wasikutane juu isipokuwa tumeshindwa kupata goli na zimebaki dakika kumi.

Tatu, pasi inayomfikia. Hapa lawama ziende kwa beki wa kati wa kulia, na kwa uwanja pia. Mpira unaokwenda kwa wastani wa mita 8 kwa sekunde huchukua sekunde 2.5 kusafiri mita 20. Winga wa wapinzani aliye umbali wa mita 10 kutoka kwa beki wetu huzimaliza kwa takriban sekunde 2. Anafika kabla ya mpira! Pasi hiyo ikienda kwa mita 14 kwa sekunde, inafika ndani ya sekunde 1.4 hivi, na beki anapata zaidi ya nusu sekunde ya kugeuka na kutazama mbele. Nusu sekunde kwa beki wa pembeni ni mali. Jambo lingine ni mguu. Pasi nyingi anazopewa zinamfikia mguu wa kushoto, ule ulio karibu na anayepasi, tena nyuma kidogo ya mwili, hivyo mguso wa kwanza unamrudisha kwa kipa. Zikienda mguu wa kulia, mwili ukiwa umefunguka kuelekea uwanjani, mguso wa kwanza unampeleka mbele. Na uwanja wetu wa nyumbani nyasi zikatwe hadi milimita 25 au 30, zimwagiwe maji kidogo kabla ya timu kupasha mwili. Juu ya nyasi ndefu na kavu hata pasi iliyopigwa kwa nguvu inakufa njiani.

Yeye mwenyewe hatumsafishi. Ana makosa matatu yanayoonekana wazi na yote yanarekebishika. La kwanza, ameacha kukimbia. Amepanda mara nyingi bila kupewa mpira, sasa anapanda nusu nusu, na winga akigeuka kumtafuta hamwoni. La pili, anaongeza mguso mmoja kabla ya krosi ili auweke mpira vizuri. Mguso huo unatosha beki kufika na kuziba. La tatu, anainua macho akiwa ameshaanza kupiga, kwa hiyo anapiga anapopazoea, yaani nguzo ya karibu, kwa kimo cha goti au kiuno. Hicho ndicho kimo cha beki wa kwanza. Krosi ivuke kichwa chake, au iwe ya chini na kali ipite kati ya kipa na mabeki wanaorudi mbio, au iwe pasi ya kurudisha nyuma kutoka karibu na mstari wa goli. Ya katikati ya hizo haina faida.

Tuseme wazi tunaipenda ipi. Pasi ya kurudisha nyuma kuelekea eneo lililo kati ya mstari wa boksi dogo, mita 5.5 kutoka golini, na alama ya penalti, mita 11, ndiyo inayowaumiza mabeki kuliko zote. Wanakuwa wanakimbia kuelekea goli lao, macho kwenye mpira, na mshambuliaji anayesimama ghafla mgongoni mwao hawamwoni. Krosi ndefu kutoka mita 30 inawakuta wamesimama, wanaona mpira na mtu kwa pamoja, na kipa ana muda wa kutoka. Msimu uliopita beki wetu alikuwa anapiga ile ya kwanza zaidi. Sasa anapiga hii ya pili. Mguu ni ule ule. Mahali anapopigia ndipo palipobadilika.

Halafu kuna waliomo ndani ya boksi. Mara nyingi tukipiga krosi tuna watu wawili tu humo, kwa sababu mshambuliaji wetu mpya hupenda kushuka kuomba mpira miguuni. Wawili dhidi ya mabeki wanne na kipa ni kumpa kipa zawadi. Wanatakiwa watatu angalau: mmoja nguzo ya karibu, mmoja karibu na alama ya penalti, mmoja nguzo ya mbali, na wa nne ukingoni mwa boksi akisubiri mpira unaorudi.

Dawa yetu ya kwanza haigharimu shilingi. Wabadilisheni mawinga. Huyu wa mguu wa kulia aende kushoto, na wa kushoto, ambaye anatumia mguu wa kushoto, aje kulia. Atakata kuingia ndani, atamvuta beki, na ujia utafunguka tena. Huyu mwingine akiwa kushoto ataingia boksini kwa mguu wake wenye nguvu kila krosi inapotoka kulia, hivyo tatizo la watu wachache nguzo ya mbali nalo linapungua. Tunajua kocha anamwona ni hatari zaidi akiwa kulia, na kwa chenga za mtu mmoja kwa mmoja huenda ni kweli. Basi aanze kushoto katika mechi za nyumbani kwa dakika 60, mtazame.

Kuna njia nyingine inayosifiwa siku hizi: winga abaki kwenye chaki na beki aingie katikati kama kiungo, vile Pep Guardiola alivyomfanya Philipp Lahm alipofika Bayern Munich mwaka 2013. Hatuishauri kwa huyu. Mguu wake wa kushoto ni dhaifu, na akipokea mpira mgongo ukiwa golini mwa wapinzani anapoteza. Lahm alicheza pande zote mbili za ulinzi maisha yake yote; wetu ni mtu wa mstari.

Wakati wa kuanza mbio nao ufundishwe, maana hauji wenyewe. Beki aanze kukimbia winga anapougusa mpira mara ya kwanza kuelekea ndani, akitokea mita 6 au 8 nyuma yake. Akianza mapema anafika kabla ya nafasi kufunguka na kuotea. Akichelewa, winga amekwishazibwa. Pasi itoke beki anapolingana na bega la winga, ipigwe mbele ya mguu wake na isimlenge mwilini.

Kwa mazoezi, Jumanne na Alhamisi zinatosha, kamwe isiwe siku moja kabla ya mechi. Tumieni nusu uwanja. Wekeni koni kutoka mstari wa katikati hadi mstari wa goli, mita 12 kutoka chaki, mpate ujia wa kulia. Washambuliaji sita dhidi ya mabeki watano na kipa, mpira ukianzia kwa beki wa kati. Sheria iwe moja: mtu wetu mmoja tu ndani ya ujia kwa wakati mmoja, yaani beki akiingia winga lazima awe ametoka. Goli linalotokana na pasi ya kurudisha nyuma lihesabiwe mara mbili. Vipindi vinne vya dakika nne, mapumziko ya dakika mbili. Kinachoharibika mwanzoni ni kwamba winga anatoka kwenye ujia lakini anasimama tu bila kumvuta yeyote. Kocha asimamishe mchezo hapo hapo na kumwonyesha mabega ya beki yanatazama wapi. Baada ya hapo beki apige krosi 20 akiwa mbioni, seti nne za tano, sekunde 45 kati ya seti. Wale wanaompigisha krosi 60 akiwa amesimama wanamchosha nyonga bila kumfundisha kitu, hasa juu ya nyasi bandia ngumu.

Kipimo cha krosi nacho hubadilika na mahali. Nairobi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali kidogo. Ukishuka Mombasa, pigo lile lile linafika fupi, mbali na joto lenyewe. Timu ikienda Pwani apewe dakika 15 za kupiga krosi kwenye uwanja wa mechi, siku moja kabla ikiwezekana.

Kamati nanyi mna lenu. Ligi ya timu 18 ni mechi 34 kwa kila timu, bado hamjaweka za kombe, na huyu anacheza karibu zote kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa sababu hana mbadala. Beki wa kulia anayepanda hukimbia mita 50 kwenda na 50 kurudi, na kurudi ndiko kunakoua. Sheria inaruhusu wachezaji watano kubadilishwa. Tukiongoza kwa mabao mawili atoke dakika ya 65, aingie kijana wa timu ndogo. Safari za Kisumu ni takriban kilomita 350 za barabara, Kakamega mbali zaidi. Kuondoka alfajiri na kucheza alasiri ile ile ni kumwomba mtu akimbie na misuli ya nyuma ya paja iliyokaa imekunjwa saa saba au nane. Ondokeni siku moja kabla. Gharama ya vyumba kwa usiku mmoja haifiki popote karibu na ada ya usajili mnayoiwazia. (Mishahara hatuigusi leo, ina barua yake.)

Jipeni mechi sita. Wekeni simu moja juu ya jukwaa, usawa wa mstari wa katikati, kwenye kisimamio, ikichukua uwanja kwa upana badala ya kufuata mpira. Mtu mmoja aketi na karatasi ya safu tano: mara ngapi beki alipokea mpira nusu ya wapinzani, mara ngapi akiwa anatazama mbele, mara ngapi alikimbia na mara ngapi alipewa, krosi ilitoka wapi na ilikuwa ya aina gani, tulikuwa wangapi boksini ilipopigwa. Pasi za mabao msizitumie kama kipimo cha mechi sita, kwa sababu zinategemea mshambuliaji amefunga au amepaisha. Safu ya pili ikipanda, na katika ya nne krosi za kutoka karibu na mstari wa goli zikiongezeka, mabao yatafuata hata kama hayajaja wiki hiyo.

Na zisipopanda, ilhali mawinga wamebadilishwa, kiungo anaziba na pasi zinamfikia mguu unaotakiwa, basi msajilini mwingine, nasi hatutapinga. Ila mkienda sokoni amueni kwanza winga gani atacheza mbele yake. Ikiwa huyu wa chaki ndiye atakayebaki kulia, msinunue mkimbiaji. Tafuteni beki mwenye miguu miwili, anayeweza kupokea mpira katikati ya watu, hata kama hajawahi kupiga krosi nzuri maishani mwake. Video za mechi za nyumbani tunazo, na tuko tayari kuzileta ofisini siku yoyote baada ya mazoezi.

Wenu katika klabu,
Wanachama na makocha wa vijana, Nairobi